Kufundisha Wakati Uliopita katika Somo la Kiingereza: Mifano kutoka Same na Milima ya Upare

Utangulizi

Miongoni mwa mada ambazo mwanachuo hukabidhiwa anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, mada ya vitenzi vya wakati uliopita katika Kiingereza haikosekani. Walimu wengi huiona kuwa mada nyepesi. Mwalimu huandika ubaoni orodha ya vitenzi thelathini au arobaini katika safu mbili, wanafunzi wakaimba pamoja "go, went, come, came, take, took", kisha wakainakili orodha hiyo katika madaftari yao. Kesho yake mwanafunzi yule yule aliyeimba vizuri kuliko wenzake huandika "I did not went to school", na mwalimu hushangaa.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kosa la namna hiyo si la uvivu, wala halitokani na akili nzito. Lina asili yake, na mara nyingi asili hiyo imo katika lugha ambayo mtoto anaijua vizuri, yaani Kiswahili. Mwalimu anayeitambua asili ya kosa huliondoa kwa maelezo mafupi na mazoezi machache. Mwalimu asiyeitambua huongeza orodha, na pengine huongeza fimbo, na kosa hubaki pale pale.

Mifano yetu tumeichukua Same na katika milima ya Upare. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya mahali pengine hana budi kutafuta mifano ya huko, kwa sababu mtoto husimulia kwa urahisi zaidi mambo anayoyafahamu.

Kwa nini mada hii ina uzito

Katika shule zetu za msingi za serikali, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Mtoto aingiapo shule ya sekondari, hali hugeuka: Historia, Jiografia na Biolojia atazisoma kwa Kiingereza. Somo la Historia karibu lote husimuliwa kwa wakati uliopita. Mtoto asiyelishika jambo hili katika shule ya msingi hatapoteza alama za Kiingereza peke yake. Atashindwa pia kueleza yale anayoyajua katika masomo mengine.

Tuchukue mfano mmoja. Mkomazi, upande wa mashariki wa wilaya ya Same, palifanywa pori la akiba mwaka 1951, na sasa ni Hifadhi ya Taifa. Mwanafunzi akiandika "Mkomazi was a game reserve", ameandika kweli. Akiandika "Mkomazi is a game reserve", sarufi yake haina kasoro, lakini habari yake si kweli tena. Kitenzi kimoja kimegeuza maana yote. Mwalimu na awaonyeshe wanafunzi jambo hili mapema, ili watambue kwamba umbo la kitenzi hubeba ukweli wa habari inayotolewa.

Maana itangulie umbo

Kabla mwalimu hajaandika "-ed" ubaoni, yafaa ahakikishe kwamba wanafunzi wamefahamu ni wakati gani unaozungumzwa. Njeo hii, ambayo vitabu vya Kiingereza huiita Simple Past, hueleza tendo lililokwisha katika wakati uliokwisha. Sharti ni mambo mawili: tendo limekwisha, na wakati wenyewe umekwisha pia.

Njia rahisi ni kuchora mstari mrefu ubaoni, au kwa kijiti mchangani nje ya darasa. Mwisho wa mstari mwalimu aandike "now". Nyuma yake aandike "this morning", "yesterday", "last week", "last year", na mbali kabisa "1945". Kisha wanafunzi wasimame juu ya mstari huo mmoja mmoja na kutaja jambo lililotokea mahali waliposimama. Mtoto wa Suji au Chome atasema kwamba jana alibeba kuni. Wa Ndungu atasema kwamba mwaka jana walivuna mpunga. Wa Mamba atasema kwamba bibi yake alipanda tangawizi. Waseme kwanza kwa Kiswahili, ndipo mwalimu awape kauli ya Kiingereza:

"Yesterday I carried firewood."
"Last year we harvested rice."
"My grandmother planted ginger."

Wako watoto watakaokuja shuleni wakiwa na Chasu kama lugha yao ya kwanza. Lugha nyingi za Kibantu hutenga jambo lililotokea leo na lile lililotokea jana au zamani, kila moja kwa umbo lake. Mwalimu mwenyeji anaweza kuwauliza watoto jinsi mambo hayo yanavyosemwa nyumbani, kisha akawaeleza kwamba Kiingereza hakitengi hivyo. Umbo "carried" hutumika kwa kuni za asubuhi ya leo na kwa kuni zilizobebwa miaka mia iliyopita.

Umbo la kitenzi

Hapa mwalimu ana habari njema ya kuwapa wanafunzi wake. Katika wakati uliopo, Kiingereza huongeza "s" kwa nafsi ya tatu umoja: "I walk", lakini "she walks". Katika wakati uliopita tofauti hiyo hutoweka: "I walked, she walked, they walked". Kitenzi kimoja tu kina maumbo mawili, nacho ni "be", kwa "was" na "were". Kwa hiyo hiki kifundishwe peke yake, katika kipindi chake.

Vitenzi vingi hupokea "-ed". Katika maandishi kuna mambo matatu ya kuangalia. Kitenzi kinachokwisha kwa "e" huongezwa "d" tu: "live, lived". Kinachokwisha kwa konsonanti na "y" hugeuza "y" kuwa "i": "carry, carried"; bali "play" hubaki "played", kwa kuwa "y" yake imetanguliwa na irabu. Kitenzi kifupi chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huirudia konsonanti hiyo: "stop, stopped".

Matamshi yanahitaji uangalifu zaidi, kwa maana silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na mtoto hupenda kuongeza irabu pale isipokuwapo. Alama hii moja ya "-ed" ina sauti tatu. Baada ya sauti zisizo ghuna kama p, k, f, s, sh na ch, hutamkwa t: "helped, walked, washed". Baada ya irabu na sauti ghuna hutamkwa d: "played, climbed, opened". Baada ya t na d ndipo tu silabi mpya huongezeka: "planted, waited, needed". Wanafunzi wahesabu silabi kwa vidole. "Walk" ni kidole kimoja, na "walked" pia ni kidole kimoja. "Plant" ni kidole kimoja, bali "planted" ni viwili. Zoezi hili la dakika tano huzuia kosa ambalo baadaye huchukua miaka kuliondoa.

Vitenzi visivyofuata kanuni ndivyo vinavyotisha wengi. Tunashauri visifundishwe kwa mpangilio wa alfabeti, bali kwa makundi yanayofanana:

1. Visivyobadilika: "cut, put, shut, hit". Mwalimu aitaje hapa "read", ambayo haibadiliki katika maandishi lakini hubadilika katika matamshi.
2. Vinavyobadili irabu ya ndani: "come, came, give, gave, drink, drank, sing, sang, write, wrote".
3. Vinavyobadilika na kuishia kwa t au d: "sleep, slept; keep, kept; buy, bought; bring, brought; sell, sold; tell, told".
4. Vilivyo peke yake: "go, went".

Wanafunzi wakiuliza kwa nini "go" huwa "went", waambiwe ukweli. Zamani kulikuwa na kitenzi kingine cha Kiingereza, "wend", chenye maana ya kwenda, na "went" ilikuwa wakati wake uliopita. Baadaye "go" ikaichukua. Na mtoto akisema "goed", mwalimu asimcheke. Mtoto huyo ameishika kanuni. Kilichobaki ni kumwonyesha neno lisiloifuata. Hata watoto wa Waingereza husema hivyo wanapojifunza lugha yao.

Makundi haya yasitolewe yote kwa siku moja. Vitenzi vitano au sita kwa kipindi vinatosha, mradi mwanafunzi avitumie katika sentensi zake.

Makosa matatu na asili yake

Sasa tunafika kwenye kiini cha makala haya. Makosa mengi yanayoonekana madaftarini yanaweza kuzuiwa na kanuni moja: kila tendo linalosimuliwa lina alama yake ya wakati, na kila tendo lina alama moja tu.

Kosa la kwanza ni "I did not went". Hapa tendo moja limepewa alama mbili. Mwalimu aanze kwa Kiswahili. Aandike ubaoni "nilikwenda", na chini yake aulize jinsi tunavyokanusha. Wanafunzi watajibu "sikuenda". Awaulize: ile "li" imekwenda wapi? Imeondoka, na "ku" imeshika nafasi yake. Hakuna mtoto anayesema "sikulienda". Basi Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo:

"I went." "I did not go."

Neno "did" limeubeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kimerudi katika umbo lake la asili. Maswali hufuata njia hiyo hiyo: "Did you go? Where did you go?" Mtoto anaweza pia kuandika "They wanted to went". Jibu ni lile lile. Kwa Kiswahili tunasema "walitaka kwenda", wala hatuweki "li" katika "kwenda". Baada ya "to", kitenzi hubaki katika umbo lake la asili.

Kwa sababu hiyo, kukanusha na kuuliza visiahirishwe hadi muhula ujao. Vifundishwe pamoja na kauli ya kukubali tangu wiki ya kwanza. Mtoto aliyezoea "went" peke yake kwa miezi mitatu atalibeba neno hilo kila aendako.

Kosa la pili ni la simulizi, na asili yake haitambuliwi na walimu wengi. Mwanafunzi huandika: "We went to the market, buy bananas and come home." Mwalimu hudhani kwamba amesahau. Hakusahau, ametafsiri. Kwa Kiswahili tungesema, "Tulikwenda sokoni, tukanunua ndizi, tukarudi nyumbani." Alama ya "li" imetumika mara moja tu, mwanzoni, na baada yake "ka" imeendeleza hadithi. Mtoto hutafuta "ka" katika Kiingereza asiione. Kwa hiyo huacha vitenzi vinavyofuata bila alama yoyote. Aambiwe waziwazi kwamba Kiingereza hakina "ka". Kila tendo jipya la hadithi hubeba alama yake lenyewe: "We went to the market, bought bananas and came home."

Kosa la tatu hutokana na "me". Huu ndio wakati timilifu, nao una kazi mbili ambazo Kiingereza huzitenga. Tunaposema "mwalimu amefika", twaweza kusema "The teacher has arrived". Lakini tunaposema "mtoto amechoka", "amesimama", "amevaa shati", tunaeleza hali aliyo nayo sasa, na Kiingereza husema "The child is tired", "is standing", "is wearing a shirt". Mwanafunzi anayeandika "He stood" kwa kumaanisha mtu anayemwona amesimama mbele yake ameipeleka hali ya sasa katika wakati uliopita.

Kadhalika, katika mazungumzo ya kila siku tunasikia watu wakisema "jana nimemwona". Kiingereza cha mitihani hakikubali "Yesterday I have seen him". Palipotajwa wakati uliokwisha, kama jana, juzi au mwaka 1945, ni "I saw him" tu. Mwalimu asilifundishe jambo hili kwa maelezo marefu katika madarasa ya chini. Yatosha wanafunzi wazoee kwamba "yesterday" na "last week" hufuatana na umbo la wakati uliopita.

Mfano wa somo

Tunatoa hapa mfano wa kipindi cha dakika 40 kwa darasa la 6. Kisa kinachotumika ni cha kweli. Mwaka 1945 wananchi wa Upare walipinga kodi mpya iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kulingana na mali yake. Watu wengi waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao ya wilaya. Baadaye wanawake nao waliandamana. Mwishowe serikali ya kikoloni iliiacha kodi hiyo. Mwanahistoria Isaria Kimambo alichapisha kitabu juu ya kisa hiki mwaka 1971.

Lengo: Mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kusimulia kisa kifupi kwa wakati uliopita, kwa kauli za kukubali na za kukanusha.

Vifaa: ubao, chaki, na vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa vitenzi.

Hatua ya kwanza (dakika 8). Mwalimu asimulie kisa kwa Kiswahili, na kuwauliza wanafunzi kama wamepata kukisikia kwa wazee wao. Achague sentensi moja na kuiandika ubaoni: "Waliteremka hadi Same, wakakusanyika karibu na ofisi ya wilaya, wakalala huko, wakasubiri." Wanafunzi wataje "li" iko wapi, na "ka" ziko ngapi. Ni "li" moja na "ka" tatu.

Hatua ya pili (dakika 10). Mwalimu asome kwa sauti, kisha wanafunzi wasome baada yake:

"In 1945 the people of Pare were angry about a new tax. They called it mbiru. Many men left their homes in the mountains. They walked down to Same, gathered near the district office, slept there and waited. They did not fight. They wanted to speak to the government. Later, women marched too. In the end the government gave up the tax."

Hatua ya tatu (dakika 12). Wanafunzi watafute vitenzi vyenye alama ya wakati uliopita na kuvipanga katika makundi: vyenye "-ed", na visivyofuata kanuni. Wakifika kwenye "fight" na "speak", mwalimu awaulize kwa nini havikubadilika. Wajibu wenyewe: kimoja kimetanguliwa na "did not", kingine na "to". Mwalimu asiwape jibu kabla hawajajaribu.

Hatua ya nne (dakika 10). Mwalimu afute habari ubaoni na kubakiza vitenzi katika umbo la asili: "be, leave, walk, gather, sleep, wait, march, give up". Wanafunzi wawili wawili wasimulie kisa upya, mmoja akiuliza "Where did they go? Did they fight?" na mwingine akijibu. Kazi ya nyumbani: mwanafunzi amwulize mzee mmoja jambo lililotokea zamani kijijini, kwa mfano uchimbaji wa ndiva ya kumwagilia mashamba, aandike sentensi tano za Kiingereza, na moja kati ya hizo iwe ya kukanusha.

Kazi hii humfanya mtoto aandike jambo ambalo mwalimu halijui. Mwenye habari mpya hujitahidi kuieleza, na hapo vitenzi hupata kazi ya kweli.

Kusahihisha

Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu hawezi kusahihisha kila kosa, wala haifai ajaribu. Daftari lililojaa wino mwekundu humkatisha tamaa mtoto. Tunashauri mwalimu achague kosa la aina moja kwa kila zoezi. Juma hili asahihishe "did" pekee; juma lijalo vitenzi vya simulizi. Chini ya kosa apige mstari, asiandike jibu. Mtoto aambiwe "hesabu alama". Akizikuta mbili katika tendo moja, aondoe moja. Asipoiona hata moja, aongeze. Baada ya majuma machache wanafunzi watajisahihisha wenyewe kabla ya kukusanya madaftari.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili anachokijua mtoto si adui wa Kiingereza anachojifunza. Mahali pengine, kama katika kukanusha, kinamsaidia. Mahali pengine, kama katika "ka" na "me", kinamvuta upande mwingine. Mwalimu mwenye kuyajua yote mawili humwongoza mwanafunzi kutoka anachokijua hadi asichokijua, na hiyo ndiyo njia ya ufundishaji bora katika somo lolote. Kwa hiyo mwanachuo anayejiandaa kufundisha Kiingereza hana budi kuisoma sarufi ya Kiswahili kwa bidii ile ile.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwanafunzi ameandika: "My father woke up, take his hoe and go to the farm." Eleza asili ya kosa hili, kisha andaa maelezo ya dakika tatu utakayompa.
2. Tafuta vitenzi sita vya Kiswahili ambavyo "me" yake hueleza hali ya sasa. Andika sentensi zake za Kiingereza.
3. Chagua tukio moja la historia ya mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Andika habari ya sentensi nane za Kiingereza kwa ajili ya darasa la 6, yenye kauli mbili za kukanusha.
4. Je, ni sawa kumwadhibu mtoto kwa kusema "goed"? Toa sababu.